Picha Isiyopita kwenye Mtambo

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, ukuta wa sebule ya Bi Mwanakombo, mtaa wa Chumbageni, Tanga, ulififia ukawa kama dirisha, na mwanawe Shaame, mchimbaji, akatokea akiwa mwezini. Alikuwa umbali wa zaidi ya kilomita laki tatu na nusu, lakini ungeweza kuhesabu nywele za nyusi zake.

Mtambo uliofanya kazi hiyo uliitwa Kijazasura, na aliyeubuni alikuwa dada yake Shaame, Injinia Saumu. Mawimbi yanayotoka mwezini huvurugwa njiani na miali ya jua, picha ikafika imetoboka kama chandarua kilicholiwa na panya. Kijazasura kiliokota vipande vilivyofika salama, kikaitazama sura ambayo mchimbaji aliiandikisha siku ya kuondoka, kisha kikaziba matundu yote kwa rangi na mng'ao. Familia mia mbili na kumi zenye watu wao kwenye machimbo ya heliamu zilimwombea Saumu dua.

"Unakula, baba?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Nakula, mama."

"Naona. Mashavu yamejaa."

Jumanne iliyofuata, mwanamume mmoja alifika ofisini kwa Saumu akitembea kwa mkongojo. Alijitambulisha kuwa ni Hoza, fundi wa mashine za kuchimbia, aliyerudishwa duniani baada ya kuvunjika nyonga.

"Huko juu nilikuwa na kamera ya babu yangu, ya mkanda," alisema. "Nilikuwa nawapiga wenzangu picha, nazisafisha mwenyewe karakanani. Hii nimeona nikuletee mkononi."

Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja. Miali ya huko ilikuwa imeunguza mkanda, ukawa na vidoadoa vyeupe kama chumvi iliyomwagika. Kati ya vidoadoa hivyo aliketi mwanamume, taa ikimpiga upande mmoja. Upande wenye mwanga, mfupa wa shavu ulikuwa umechomoza, na ngozi imelala juu yake kama nguo iliyoanikwa. Upande wa kivuli lilionekana jicho tu, nalo halikuwa likitazama kamera. Lilikuwa likimtazama aliyeishika, kama mtu anayetaka kuombwa aseme.

Saumu aliitazama kwa muda. "Huyu ni nani?"

"Injinia," Hoza alisema polepole, "huyo ni Shaame. Nilimpiga picha hii mwezi uliopita."

"Si yeye. Jumamosi nilizungumza naye."

"Umezungumza naye kweli. Ila uliyemwona ni yule aliyeondoka hapa miaka miwili iliyopita. Vumbi la kule linakula mapafu. Daktari wa kampuni yuko huku chini, anatupima kwa kututazama ukutani. Kila mwezi anaandika kwamba sote wazima."

Saumu alijua daktari yule alitazama ukuta wa namna gani. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumfungia Kijazasura.

Alasiri hiyo aliomba mawimbi ya dharura, akazima Kijazasura. Ukutani yakaja mabaka: kipande cha paji la uso, kona ya mdomo mkavu, kisha giza, kisha shingo iliyojaa mishipa. Hata mara moja uso haukutimia. Sauti tu ndiyo iliyofika nzima, na pumzi ikikwaruza ndani yake.

"Shaame, unaumwa tangu lini?"

Kimya cha njiani kilipita, sekunde mbili tatu za sauti kwenda na kurudi.

"Tangu lini tena, dada? Si mnaniona kila wiki?"

"Hatukuoni! Mtambo unakujaza. Tunaona sura yako ya zamani."

Safari hii kimya kilikuwa kirefu kuliko njia. "Nilidhani mnaniona," Shaame alisema hatimaye. "Nilidhani mmeamua kunyamaza, kwa sababu ya kazi yako. Nikasema basi, na mimi ninyamaze."

Saumu hakwenda kwa mkurugenzi kuomba ruhusa. Alichukua ufunguo wake wa usanifu akauzima mtambo kwenye kuta zote, za familia na za daktari. Mkurugenzi alipopiga simu akifoka kwamba watu wataingiwa na hofu, alimjibu, "Na waingiwe," akaendelea kuwatumia familia picha sitini na tatu alizopiga Hoza, ambaye sasa alimletea zote, moja moja, kwa majina.

Chombo cha kuwarudisha wagonjwa kiliondoka baada ya siku tisa. Wachimbaji thelathini na wanne walirudi, Shaame akiwa kwenye machela, mapafu yakiwa yamebaki nusu. Saba hawakurudi, walifia huko kabla chombo hakijatua.

Wiki chache baadaye mwanamke kutoka Handeni, aitwaye Mwanaisha, mke wa marehemu Mbwana, alibisha hodi kwa Saumu. Mumewe alikuwa mmoja wa wale saba, na hakuwahi kukubali kupigwa picha na Hoza. Alikuwa amekuja na kinasa chake cha picha na sauti, chenye mazungumzo yote ya ukutani.

"Sikuja kugombana, Injinia," alisema akikiweka mezani. "Watoto wanataka kumtazama baba yao. Nataka unionyeshe tu, humu, ipi ni sura yake na ipi ni ya mtambo wako."

Saumu alikifungua. Mwanamume mnene wa uso alikuwa akicheka, meno yote nje, akimtania mkewe kuhusu mbuzi aliyekula udongo wa ukuta. Alisogeza picha mbele, akairudisha nyuma, akaipasua katika nukta zake moja moja. Mtambo haukuwa umeweka alama yoyote kati ya kilichofika na kilichojazwa. Hakuwa ameuagiza uweke.

Mwanaisha alisubiri, mikono mapajani.

"Sijui," Saumu alisema. "Nisamehe, mama. Sijui."