Sufuria Tupu Mbele ya Wazee

Kila Jumamosi Truphena huamia ndege wasile mpunga wa mama yake, nje kidogo ya Tarasaa. Jumamosi hiyo shangazi yake Susan, dada wa baba, alimfuata shambani asubuhi.

"Waache ndege leo," alisema. "Wazee wanakuja. Kawashe moto."

Truphena akaelewa papo hapo. Baba yake, Changawa, alikuwa amempiga mama tena. Desturi ya ukoo wao ilikuwa hiyo: mume akimpiga mkewe, wazee humtoza mbuzi, akachinjwa, akaliwa, watu wakapeana mikono, mambo yakaisha. Yaliisha wapi? Mbuzi wa mwisho alipikwa na mama huyo huyo, jicho likiwa limevimba.

Safari hii alimkuta mama kando ya mafiga, akihangaika kukuna nazi kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umefura, vidole havikunjiki.

"Mama, twende hospitali."

"Wazee kwanza, mwanangu. Wataona tumewadharau."

Truphena aliogopa, tena sana, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Moto hakuuwasha. Alibeba sufuria kubwa hadi uani, wazee walikoketi na baba yake, mbuzi wa faini akiwa amefungwa kando, akaitua katikati ya mkeka.

"Shikamooni, wazee wangu. Leo hakuna kitoweo. Mpishi hawezi kushika kisu, mkono wake umevunjwa. Mlikula mbuzi mara iliyopita, na baba hakuacha."

"Mtoto huyu hana adabu," Changawa alifoka, akainuka.

"Keti," alisema Mzee Gona, mkubwa wa ukoo. Aliitazama sufuria kwa muda, aibu imemjaa. "Truphena, kamwite mama yako."

Haikuwahi kutokea. Siku zote wazee walizungumza na mume, mke akabaki jikoni. Mama alitoka akiwa ameushikilia mkono wake, na hakuna mzee aliyeweza kumtazama usoni.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" Mzee Gona aliuliza.

"Nataka hospitali," mama alisema. "Halafu nataka polisi."

"Susan, mpeleke," alisema Mzee Gona. "Na huyo mbuzi mfungueni."

Huko hospitalini Garsen, mkono ulifungwa plasta na polisi wakaandika taarifa. Baadaye Changawa alifunguliwa kesi, na mahakama ikamkataza kukanyaga pale nyumbani.

Lakini siku ile ile, plasta ilipokuwa ikikauka, muuguzi Bishara alimkalisha Truphena karibu naye.

"Nimewaaibisha wazee," Truphena alisema.

"Umewaonyesha walichokuwa hawataki kukiona," Bishara alijibu. "Desturi nzuri humlinda aliyeumia. Kipigo cha nyumbani si siri ya ukoo, mwanangu, ni kosa la jinai. Ukikiona, mwambie mtu mzima unayemwamini. Asipokusikia, mwambie mwingine, na mwingine tena."

Shangazi Susan, aliyekuwa mlangoni, aliinamisha kichwa. "Mimi nilimwambia akawashe moto," alisema. "Sitamwambia tena mtoto yeyote hivyo."