Salamu Kutoka Ohinga

Siku meli ilipofika Homa Bay, watu waliacha adabu nyumbani. Gatini kila mmoja alisukuma, kuku walilia vikapuni, wapagazi walipayuka, na mwenye miguu mifupi alijuta kuzaliwa. Katikati ya vurugu hiyo, mwaka 1964, alikuwemo Leonida, fundi cherehani, amekumbatia jora la kitambaa cha njano alilotumiwa kutoka Kisumu. Alitafuta upenyo, akakosa, akarudi nyuma na kumkanyaga mtu.

"Pole," alisema bila kugeuka.

"Pole ni ya mguu ama ya kiatu? Kiatu ni mpya."

Leonida aligeuka. Alimwona mwanamume mrefu, mweusi wa kung'aa, suruali ya kaki imepigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali, kofia ameiinamisha kidogo kwa maringo.

"Kiatu mpya unaileta gatini? Hayo ni makosa yako."

"Nimekubali makosa. Sasa leta hiyo kitambaa nikubebee. Nikiiba, utanitafuta kwa kiatu."

Leonida alicheka, na ukicheka na mtu gatini umekwisha. Huyo alikuwa Jeremiah Gisiri, dereva wa lori la tajiri mmoja wa pale mjini, aliyepeleka saruji na sukari Migori na Macalder. Cherehani ya Leonida ilikaa kwenye baraza ya duka la tajiri huyohuyo, na duka lilikuwa na simu. Basi kila Gisiri alipolala safarini, simu ililia na mwenye duka akamwita fundi huku amenuna.

"Haloo. Nauliza kama ile gauni ya njano imeisha."

"Gauni si yako."

"Mwenye kuivaa ni wangu."

"Nani alikuambia?"

"Wewe bado. Lakini nangojea, mpenzi. Mimi si mtu wa haraka."

Miezi ilipita hivyo, kwa utani na soda za jioni kando ya ziwa. Lakini kulikuwa na jambo moja lisilotaniwa. Gisiri alikuwa Mkuria kutoka karibu na mpaka wa Tanzania. Leonida alikuwa Mjaluo, na kaka yake Caleb aliuawa kwa mshale akifuata ng'ombe walioibwa, ng'ombe ambao nyayo zao zilielekea upande wa kina Gisiri. Miaka ile wizi wa ng'ombe ulizika vijana wa pande zote mbili, na kila upande uliwalilia wa kwake tu. Siku Leonida alipomsimulia habari hiyo, Gisiri alivua kofia, akaishika mikononi muda mrefu.

"Mama anajua mimi ni nani?"

"Anajua kuna dereva. Hajui kabila."

"Basi nitafika kwenu," Gisiri alisema. "Mambo kama haya hayamalizwi kwa simu."

Leonida aliishika ahadi hiyo kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba yake. Kwao hakukuwa mbali na ohinga, boma la kale la mawe ambalo Gisiri alikuwa akilisikia kwa abiria wake. Jumamosi moja, lori lilipokuwa linakwenda Macalder na saruji, Leonida alivaa gauni la njano, akapanda mbele.

"Twende nikuonyeshe ohinga," alisema. Hakusema kwamba aliyetaka kumwonyesha hasa ni mama yake.

Walipita Rodi, wakapita Ndhiwa, vumbi jekundu likiwafuata. Gisiri aliimba kwa Kikuria, Leonida akamwambia sauti yake inatisha mbuzi. Walikuwa na furaha, kusema kweli. Kisha, karibu na ohinga, mwanamke mmoja alitokea mbele yao barabarani, kikapu kichwani, akitembea polepole kutoka upande wa ziwa.

"Yule ni nani, unamwangalia hivyo?" Gisiri aliuliza.

"Ni mama yangu! Simamisha gari, Jeremiah!"

Gisiri alisimamisha. Lakini badala ya kushuka na kwenda kumpa mkono, alifungua mlango wa upande wake, akaruka chini, akavuta kofia mpaka puani, akaingia nyasini mbio. Huko alisimama akiwapa mgongo. Leonida alibaki ameduwaa kitini. Alipogeuka kumtazama mama yake, aliona jambo lililomchoma zaidi: mama naye alikuwa amesimama, akavuta leso kufunika uso, kisha akaiacha barabara na kushika kijia cha katikati ya mkonge, bila neno. Akapotea.

Mama ameumia, Leonida alijiambia. Amemtambua Mkuria, na huyu Mkuria ameshindwa hata kumtazama.

Gisiri aliporudi, alipanguza jasho na kuketi. Alionekana mtu aliyetua mzigo mzito. "Amepita?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Amepita," Leonida alijibu. "Endesha."

Ohinga ilikuwa juu ya kilima, ndani ya kichaka cha miti yenye utomvu. Kuta zake zilimpita mtu kwa urefu, mawe juu ya mawe, na lango lilikuwa fupi, limefunikwa kwa mawe mapana, hata anayeingia lazima ainame. Leonida aliinama akaingia kwanza, kwa sababu kijia cha kwenda kwao kilipita humo. Gisiri alimfuata. Aliweka kiganja chake ukutani.

"Mimi nabeba saruji kila siku," alisema. "Hawa walijenga bila saruji na ukuta iko hapa. Walikuwa wanaogopa nani?"

"Wezi wa ng'ombe. Watu wa kukimbia porini."

Gisiri aliondoa mkono ukutani. "Leonida, umekasirika?"

"Umemkimbia mama yangu! Mwanamke aliyezika mtoto! Ulisema utafika kwetu, kumbe ulimaanisha utafika ujifiche nyasini!"

"Nilimpisha, ndiyo. Ulitaka nifanye nini?"

"Umsalimie! Ni neno ngumu?"

Gisiri alimtazama kwa mshangao, kisha mshangao ule ukageuka maumivu. "Nimsalimie," alirudia. "Nimpe mkono, kama mama yeyote wa sokoni?"

"Kama mtu! Ndiyo!"

"Basi nimesikia." Alivaa kofia. "Sikujua ndivyo unavyoniona. Samahani kwa kujiweka mahali sikuitwa."

Aliinama langoni, akatoka. Leonida hakuelewa maneno yale, na hasira haikumpa nafasi ya kuuliza. Alisikia lori likiwaka, likashuka kilima kuelekea Macalder, na hapo akaketi juu ya mawe ya watu wa kale akalia mpaka gauni la njano likalowa kifuani.

Nyumbani alimkuta mama yake anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, tena anaimba polepole. Alikuwa hajamsikia mama akiimba tangu Caleb.

"Nyathina, mwanangu, mbona uko peke yako?" mama aliuliza kwa Kijaluo. "Mkwe wangu umemwacha wapi?"

"Mkwe gani, mama? Yule aliyekukimbia?"

Mama aliacha omena. "Yule aliyenipisha. Mgeni tu hawezi kumkimbia mama mzee mwenye kikapu cha samaki, angekimbilia nini? Nilipoona kijana anaruka nyasini na kufunika uso, nilijua huyu amekwisha kuniweka mahali pa mama wa mkewe, asiyetazamwa usoni wala kupewa mkono. Kwa hiyo nami nikampisha."

"Lakini hajaleta hata ng'ombe mmoja wa mahari! Kwetu mtu huepuka mkwe baada ya ng'ombe kuingia."

"Ndiyo maana nimeimba. Ametanguliza heshima."

Leonida aliketi kando ya mkeka wa omena. Yale maneno ya ohinga yakamrudia moja baada ya jingine. Alimwomba mtu amsalimie mama yake, yaani alimwambia: wewe si mkwe wetu. "Mama," alisema kwa shida, "yule ni Mkuria."

 Mama aliokota omena mmoja aliyeanguka, akampuliza mchanga, akamrudisha mkekani.

"Caleb nimemzika mwenyewe," alisema hatimaye. "Nilimtafuta aliyemuua katika kila uso sokoni, nikachoka. Leo mmoja wao amenipa mgongo kwa heshima, nami nimeipokea kabla sijajua. Siwezi kuirudisha, na sitaki. Lori litapita hapa hapa likirudi, hakuna barabara nyingine. Nenda ukamngoje."

Asubuhi Leonida alikuwa barabarani chini ya ohinga, gauni lilelile, macho yamevimba. Lori lilipotokea, lilipunguza mwendo, likasimama. Gisiri alishuka. Hakuwa amenyoa, na mikunjo ya suruali ilikuwa imekufa.

"Nimefikiria," alisema kabla hajasalimiwa. "Ulisema nimsalimie. Kwetu ni aibu kubwa, lakini kama ndiyo itakufuta machozi, niite nimsalimie, kisha niende zangu. Mama yuko wapi?"

"Yuko juu, ohinga. Lakini haji."

"Amekataa?"

"Anakusalimu, Jeremiah. Ila amesema salamu nilete mimi, kwa sababu yeye hawezi kupeana mkono na mkwe wake barabarani."

 Gisiri aliketi kwenye kipandio cha lori, akafunika uso kwa kofia, na mabega yakaanza kutikisika.

"Nilikosea," Leonida alisema, akipiga magoti mbele yake vumbini. "Sikujua, mpenzi. Nisamehe."

"Kwa hiyo nilete wazee?"

"Walete. Na uwaambie langoni wainame."

Hapo juu kilimani mama alitokea kwenye lango la mawe, kikapu kichwani. Aliwaona. Akavuta leso usoni taratibu, akageuka upande wa mkonge. Gisiri naye alikuwa amemwona, akasimama haraka, akageukia upande wa ziwa. Leonida peke yake alibaki katikati ya barabara, akiwatazama wote wawili migongo, na hakuwahi kupendwa namna ile.