Kifurushi Kilichotumwa Sepuka

Waraka huu ni siri ya dola, daraja la kwanza. Ipo nakala moja tu duniani.

Nyingine iko bwenini, na ya tatu imefungiwa maandazi.

Saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi. Njia panda ya Mkiwa.

Pikipiki aina ya Boxer, nyekundu, ilifunga breki. Juu yake alikuwa Dorkas Ntandu, afisa wa usalama, jina la kazi Kipanga. Bastola ya Glock chini ya koti. Hasira usoni.

Hasira ilikuwa na sababu. Mhalifu aitwaye Benson, kibaraka wa genge la nje, alikuwa ameingia kwenye tovuti ya zahanati moja ya Sepuka na kuiba majina ya wagonjwa mia tatu na kumi na wawili. Wote wanameza zile dawa ambazo mtu humeza akiwa amefunga mlango. Zahanati ilikataa kumlipa fedha alizodai. Saa nne kamili angeyamwaga kwenye makundi yote ya WhatsApp ya wilaya.

Mmoja wao ni Pendo, muuza viazi. Asubuhi hiyo alimshika Dorkas mkono.

"Dada, mama mkwe wangu yumo kwenye hayo makundi. Nitalala wapi mimi?"

Dorkas aliwasha pikipiki.

Benson aliingiaje? Shuleni kwetu, siku ya kufungua, tranka hufunguliwa getini. Patroni anakagua soksi moja moja. Tovuti ile ilikuwa na plagini, programu ndogo ya nyongeza, ya kupokea miadi, na plagini haikuwa na patroni. Ilipokea kifurushi cha data kimefungwa, ikakiingiza hadi ndani, ndipo ikakifungua. Humo hamkuwa na miadi. Mlikuwa na amri, na tovuti ikazitii zote.

Upumbavu mtupu!

Simu iliita. Mkuu wake.

"Kipanga, umemwona?"

"Yumo kwenye gari, Noah ya kijivu, nyuma ya wauza kuku."

"Subiri kikosi."

"Kiko wapi?"

"Manyoni."

"Basi wanywe chai."

Akakata. Akampigia Zefania, fundi wa zahanati.

"Zima tovuti, wenzake wasipitie humo tena."

"Shikamoo, afande. Mganga mfawidhi hajaniandikia barua."

"Barua?"

"Yenye muhuri, afande."

"Zefania, nikifika huko huo muhuri nitakugonga nao kwenye paji la uso!"

Tovuti ikazimika.

Saa nne kasoro dakika tatu. Dorkas alinunua dumu la lita tano, akagonga kioo cha Noah.

"Mafuta ya alizeti, kaka. Yamekamuliwa leo."

Benson alishusha kioo. "Sitaki. Potea!"

"Onja tu."

Lita tano zote zilimwagika mapajani mwake. Mikono ya Benson iliteleza kwenye kompyuta, ikateleza kwenye usukani, ikateleza kwenye kitasa. Ilipotulia, Glock ilikuwa sikioni.

"Unajua mimi namfanyia kazi nani?" alifoka.

"Hapana. Mimi namfanyia kazi muuza viazi."

Saa nne ilipita. Hakuna jina lililotoka.

Dorkas alimfunga pingu kwenye usukani, akakwapua kompyuta, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Nilipanga hadithi iishe hapo.

Alasiri alikuja shuleni kwetu, ofisi ya mwalimu wa nidhamu, na karatasi moja: kumbukumbu za tovuti. Tangu Machi plagini ilikuwa imeomba kusasishwa, izibe mwanya ule, mara kumi na moja. Mara zote mtu mmoja alibonyeza "Baadaye".

"Kidato cha Tatu B," alisoma. "Mwenyekiti wa klabu ya kompyuta iliyoitengeneza tovuti. Ni wewe?"

Ni mimi.

"Kwa nini?"

Nilikiri. Nilikuwa nimeichezea plagini ile: mgonjwa akiomba miadi, simu yake inawika kama jogoo. Kuisasisha kungemfuta jogoo wangu.

Dorkas hakucheka. "Pendo yuko nje. Kamwambie mwenyewe."

Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kanga imekazwa kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

Nikasema. Nilipofika kwenye jogoo, aliinua mkono.

"Aliwika jikoni, mbele ya mama mkwe," alisema polepole. "Ndiyo siku alipoanza kuniuliza kila mwezi nafuata nini zahanati."