Nikiwa Bado Nachagua Mlango, Mdogo Wangu Alihamia Ndani

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri, Jumamosi, simu yangu ilipolia. Nilikuwa Budondo, nje kidogo ya Jinja, kwenye yadi ya mbao, nimepiga magoti, nakandamiza ukucha kwenye ubao wa mvule kuona kama umekauka. Aliyepiga ni Mama Zaituni, muuza mkaa anayekaa mkabala na kiwanja chetu kule Namatala, Mbale.

"Hongera, Afande," aliniambia. "Mlango umependeza. Ile rangi ya dhahabu inapiga kelele kidogo, lakini tutazoea."

Mlango gani? Mimi sikuwa nimenunua mlango wowote...

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na mmoja. Ni askari magereza, naishi katika nyumba za kazini hapa Jinja na mke wangu, Nambuya. Shule niliacha darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe. Nyumba ya kazini unaihama siku unayostaafu. Kwa hiyo nilijenga Namatala, miaka sita, kwenye kiwanja alichotuachia baba mimi na mdogo wangu, Wetaka. Kiwanja hakikugawanywa. Tulielewana kwa mdomo tu: nyumba iwe yangu, naye achukue shamba la migomba kule mlimani. Alisimamia mafundi na nilimlipa kila mwezi. Nilimwamini. Nani asingemwamini mtu aliyenyonya titi lilelile?

Paa likapigwa, madirisha yakatiwa vyuma. Ukabaki mlango wa mbele.

Mimi sinunui kitu bila kukichunguza. Chuma kinashika kutu katika mvua za Mbale, na jua likiwaka huwezi kukigusa. Mvule hauliwi na mchwa, lakini ubao mbichi ukipinda, mlango haufungi tena. Ile milango ya kiwandani inayotoka China inang'aa, ila ndani ni mitupu. Ukiigonga inalia kama debe. Nilining'iniza vipande vya kila aina nyuma ya nyumba yetu ya kazini, vikanyeshewa msimu mzima. Nambuya akanisihi nitie hata mabati kwa muda. Nikamjibu kwamba mlango si kitu cha muda.

Na Wetaka? Kila nilipokaribia kuamua, alinipigia. Nilipochagua chuma, aliniuliza kwa upole kama nimefikiria kutu. Nilipohamia mvule, akasema wezi wa Namatala siku hizi wanatembea na tindo. Nikamshukuru! Nikadhani mdogo wangu amepata akili ya kupima mambo. Kumbe alikuwa ananipima mimi. Alijua kwamba ukinipa swali jipya silali hadi nilijibu, na kila swali lilimpa mwezi mwingine.

Mwezi wa kufanyia nini? Wazee wa ukoo wetu wana kanuni: kuta zisizo na mlango si nyumba. Kwenye kiwanja cha urithi kisichogawanywa, nyumba ni ya yule aliyetia mlango na kuwasha moto wa kwanza ndani. Kanuni hiyo naijua tangu utoto. Nilidhani ilikufa pamoja na nyumba za udongo...

Kesho yake asubuhi nilikuwa Mbale. Nikasimama mbele ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, nikabisha hodi kama mwombaji. Mlango ukalia kama debe. Mke wa Wetaka akafungua nusu, nyuma yake moshi wa jiko.

"Karibu, mgeni," akasema, wala hakucheka.

Wetaka akatoka na fulana, anapiga mswaki. Hakuonyesha haya hata kidogo.

"Kaka, wewe endelea kuchunguza milango tu. Nyumba ilikuwa inataka watu. Sasa imepata."

"Nyumba ya nani?"

"Uliza shangazi."

Shangazi yetu ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Alituita uani, nikamwaga risiti zangu zote mbele yake. Hakuzitazama. Aliuliza tu nani aliwasha moto wa kwanza. Mama Zaituni akasimama kunitetea: saruji yote aliiona ikishushwa kwa jina la Afande. Shangazi akamwambia muuza mkaa auze mkaa. Kisha akanigeukia, akasema Wetaka ana watoto wanne na alikuwa amepanga chumba kimoja, lakini mimi serikali inanilaza.

"Ungeitaka hiyo nyumba, mwanangu, ungeitia mlango. Wewe chukua shamba."

Nikapanda mlimani kuliona hilo shamba. Nikakuta mtu mwingine anakata mikungu! Wetaka alikuwa amekwisha kuliuza, na mlango wa dhahabu aliununua kwa pesa hizo hizo. Niliporudi kwa shangazi, alisema amechoka na kesi zetu. Wakili naye akaniambia risiti zinathibitisha kwamba nilinunua saruji, hazithibitishi kwamba ardhi ni yangu.

Mlango ule ungeanguka kwa teke moja la buti langu. Nimeupima kwa macho, najua bawaba zitakatikia wapi. Lakini ndani wamelala watoto wanne, na askari magereza anayevunja mlango hurudi gerezani bila sare. Kwa hiyo umesimama, ule mlango dhaifu kuliko yote niliyoichunguza.

Mimi na Wetaka hatusalimiani. Nimemwagiza Nambuya kwamba nikifa, mkono wa Wetaka usitupe udongo kaburini mwangu. Mtaniambia nisamehe... Nisamehe nini, wakati analala chini ya paa langu na ananicheka?

Nawaomba, msipite nilipopita. Siku paa linapoisha, tia mlango siku hiyohiyo. Wa mabati, wa mbao za jukwaa la mafundi, wowote. Ufunguo ukae mfukoni mwako na moto uuwashe wewe. Mvule utautafuta baadaye, ukiwa umelala ndani. Na ndugu anayekuletea maswali kila unapotaka kuamua, mwogope kuliko mwizi mwenye tindo.

Mlango wa Wetaka nimeuulizia bei dukani: laki tano. Nyumba aliyoichukua kwa mlango huo ilinigharimu shilingi milioni thelathini na moja na laki nne.