Simu ya Torstein

Torstein Vartdal hakurudi nyumbani Jumanne, tarehe kumi na nne Januari. Dada yake Sunniva alimwekea viazi na samaki mezani, akafunika kwa sahani nyingine. Saa kumi na moja jioni mlango uligongwa. Alikuwa Asgeir, bosi wa Torstein, mwenye malori. Aliingia hadi sebuleni bila kuvua viatu.

Alisema gati lilikuwa barafu tupu. Torstein ameteleza, maji yamemchukua. Yeye mwenyewe alikuwa mbali, ofisini, aliona kofia tu ikielea.

"Na simu yake?" Sunniva aliuliza. Alikuwa ameshaipiga mara kumi na moja.

"Ilikuwa mfukoni mwake. Imezama naye."

Wapiga mbizi walitafuta siku tatu. Hawakupata kitu. Sunniva hakuifunga ile laini. Kila jioni alipiga, na sauti yake iliyorekodiwa ikajibu: "Torstein hapa. Nimetoka kidogo. Sema unachotaka." Alisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Machi alichukua kiti cha kaka yake ofisini kwa Asgeir. Hakuitaka kazi ile. Alitaka kukaa karibu na mtu wa mwisho aliyemwona Torstein.

Jumatano kabla ya Pasaka. Saa 5:05 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka dizeli na maganda ya machungwa. Walikuwa watatu. Asgeir alisimama. Kolbjørn, dereva wa miaka sitini na mbili, alikuwa anakula mkate wake wa jibini ya kahawia. Sunniva alikaa mbele ya laptopu.

"Narudia mara moja tu," Asgeir alisema. "Saa sita kamili ghala la baridi la samaki linafungwa. Wafanyakazi wote wanakimbilia vibanda vyao vya Pasaka milimani. Getini habaki mtu, inabaki kamera. Kamera inasoma namba za lori. Zikiwa kwenye orodha, geti linafunguka. Kuingia na kutoka, hivyo hivyo. Tani arobaini za samoni zimepangwa kwa kampuni nyingine. Tunatangulia sisi kuzibeba."

"Na orodha?" Kolbjørn aliuliza.

"Anaandika Sunniva. Kwa akaunti ya Torstein. Ghala halijui kama amekufa. Hakuna aliyewaambia."

Kolbjørn alimtazama Sunniva, kisha akautazama mkate wake.

Ili kuifikia orodha, laptopu ilipaswa kupitia VPN, njia iliyofichwa inayoiunganisha na mtambo wa ghala. Njia ile ilikubali kompyuta moja tu, ya Torstein. Kwa hiyo Asgeir aliamuru isizimwe kamwe, usiku na mchana, isije ikasahau.

Sunniva alibonyeza. Duara likazunguka. Kisha maneno mekundu: *Imeshindikana kuunganisha.*

Saa 5:18.

"Bonyeza tena."

"Nimebonyeza mara nne."

"Basi zima uwashe. Jana ilikuwa inafanya kazi, bwana."

"Jana. Usiku imejisasisha. Hii hapa, toleo jipya la mfumo. Wewe ndiye uliyesema isizimwe, imepata usiku mzima."

"Usinifundishe kazi yangu."

Sunniva alizima, akawasha. Akafuta njia ya zamani, akaiunda upya. Akakagua saa ya kompyuta. Akalegeza ulinzi wake. Maneno mekundu hayakubadilika.

"Kaka yako angekuwa ameshamaliza," Asgeir alisema.

"Kamwite basi," alisema Kolbjørn, mdomo umejaa.

"Wewe mzee, kula ukae kimya."

Saa 5:34.

Dawati la msaada la ghala lilikuwa na mtu mmoja zamu ile. Asgeir alipiga mwenyewe, akawasha kipaza sauti. Alisafisha koo.

"Habari. Torstein Vartdal hapa."

Sunniva aliweka mikono chini ya meza. Kolbjørn aliacha kutafuna.

"VPN?" Msichana wa upande wa pili alicheka kwa uchovu. "Wewe ni wa arobaini leo. Hilo toleo jipya limekifuta cheti kinachoitambulisha kompyuta yako. Ondoa programu ya VPN, iweke upya. Itakuona mgeni, itatuma tarakimu sita kwenye simu yako. Ziandike, umemaliza."

"Kwenye simu yangu."

"Hiyo uliyoandikisha, inaishia na nane-moja. Unayo hapo?"

Asgeir alitupa jicho kwenye kabati la chuma. "Ninayo," alisema.

"Basi Pasaka njema. Usisahau machungwa ya kula mlimani."

Saa 5:49.

Programu ilishawekwa upya. Kisanduku cheupe kikasubiri tarakimu sita.

"Imeisha," Sunniva alisema. "Simu iko chini ya bahari."

Asgeir alifungua kabati la chuma, akatoa mfuko wa plastiki, wa aina ya kuwekea nyama kwenye friza. Ndani mlikuwa na simu nyeusi. Aliiwasha, akaiweka mezani.

Ilikuwa kavu. Kioo kilikuwa kizima.

"Inataka namba ya siri ya laini," alisema. "Unaijua."

Sunniva aliondoa mikono kwenye laptopu.

"Ulisema ilizama naye," Sunniva alisema.

"Niliiokota gatini."

"Lini?"

"Andika namba, Sunniva."

Kolbjørn alifunga kikopo chake cha chakula. "Ulikuwa ofisini, si ndivyo ulivyotuambia? Au simu ilikufuata ofisini kwa miguu?"

Asgeir alichomoa kisu cha kuchunia samaki kwenye mkanda, akakilaza kando ya laptopu. "Kuna mwingine mwenye swali?"

Sunniva aliandika tarakimu nne, mwaka wa kuzaliwa mama yao. Simu ikatetemeka. Zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, taarifa za simu zilizokosa kujibiwa. Zote zilikuwa na jina la Sunniva. Chini kabisa zikaja tarakimu sita.

Aliziandika. Duara likazunguka. *Umeunganishwa.*

"Umeona?" Asgeir alisema. "Kitu kidogo tu."

Sunniva akaandika malori mawili kwenye orodha, kuingia na kutoka. Asgeir alisoma kila mstari juu ya bega lake, kisha akanyoosha mkono kuchukua simu.

"Usiizime," Sunniva alisema. "Njia ikikatika, itatuma tarakimu nyingine. Utanisomea."

Asgeir alikichukua kisu chake. Akaiweka simu mfukoni, ikiwa inawaka.

Saa 6:21 mchana.

Kwenye kioo cha laptopu Sunniva aliona geti likisoma lori la kwanza, la Asgeir. Limeingia. Alisubiri la Kolbjørn. Halikuja. Kama walivyonong'onezana Asgeir alipokwenda kuwasha lori, mzee alikuwa amesimamisha trela lake barabarani, limelala njia nzima nje ya geti, na funguo ametupa kwenye theluji.

Sunniva aliufuta mstari wa kutoka.

Saa 6:38.

Alipiga namba ya Torstein, kama kila jioni. Safari hii iliita. Iliita mara tano.

"Fungua geti," Asgeir alisema. Honi ya lori ilikuwa inalia nyuma yake.

"Torstein yuko wapi?"

"Nitakuchinja."

"Njoo basi. Kuta mita nne, nyavu juu. Kolbjørn ameshawapigia polisi. Una dakika kumi hivi. Yuko wapi?"

Alisikia pumzi zake. Alisikia buti zikikanyaga barafu, zikienda, zikirudi.

"Alitaka kutusema kwa polisi. Wewe hujui. Alitaka kutumaliza wote."

"Asgeir. Nina kidole juu ya kitufe."

"Banda langu la boti," alisema. "Chini ya mbao za sakafu. Haya, nimekwambia. Fungua."

Sunniva aliifunga laptopu.

Polisi walimkuta Asgeir ndani ya lori, kwenye kibanda cha dereva, milango ameifunga kwa ndani, kisu mapajani. Simu ya Torstein ilikuwa kwenye mfuko wake wa kifuani. Bado ilikuwa inawaka.

Torstein alizikwa Mei, ardhi ilipolainika. Kolbjørn alibeba jeneza upande wa kulia, kisha akaenda kuanza kifungo chake cha wizi ule. Sunniva anakianza cha kwake Septemba. Simu iko kwa polisi, kwenye mfuko mwingine wa plastiki, imezimwa. Laini haijafungwa. Ukiipiga, anajibu yeye.