Moto Uliokataa Maji ya Mtoto

Siku ya kwanza moto ulipozimika, Adela alidhani ni upepo. Alikuwa amebandika maji ya kumwogeshea Kemirembe, binti yake wa miezi miwili, na alipogeuka kuchukua kanga akasikia jiko likisema "pu" mara moja, kisha kimya. Akafunga dirisha, akawasha tena. Ndizi za usiku zikaiva bila shida.

Siku ya pili ulizimika saa ile ile, kumi na moja jioni. Ya tatu pia.

Nyumba yao ilikuwa Nyabiyonza, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa, na jiko lile lilikuwa fahari ya mumewe, Ainebyona. Mwaka uliopita alichimbisha shimo kubwa nyuma ya zizi akajengewa mtambo wa biogesi. Kinyesi cha ng'ombe wawili hukorogwa na maji, huingia chini ya kuba la saruji, na gesi yake hupanda kwa bomba hadi jikoni. Adela akaachana na kuni. Majirani walikuja kuutazama moto wa buluu kama wanaomtazama bibi harusi.

Wiki ya pili Ainebyona akamwita Desderius, fundi aliyeujenga mtambo.

"Ng'ombe wenu wanakula vizuri kuliko mimi," Desderius alisema baada ya kuchungulia shimoni. "Gesi mnayo ya kupikia harusi. Huu ni mvuke tu. Unageuka maji ndani ya bomba, maji yanaziba njia."

Akafungua koki ndogo iliyo chini ya bomba, yakatoka maji kiasi cha kikombe. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote, hakuna lililovuja. Akawasha. Moto ukasimama imara.

"Mgonjwa amepona huyu, Mama Kemirembe."

Jioni ukazimika.

Alirudi mara tatu. Alibadilisha koki, akazibua matundu ya jiko kwa sindano, akalilaza bomba upya ili maji yateremke. Kila mara mgonjwa alipona asubuhi na kuugua jioni. Aliporudi mara ya nne hakufungua chochote. Aliketi kwenye kigoda pale jikoni.

"Leo pika mbele yangu," akasema. "Kila kitu unachopika, nione moto unapozimikia."

Adela akachemsha chai. Moto ukawaka vizuri. Akabandika maharage, ukawaka. Akakoroga uji, ukawaka.

"Sasa maji ya mtoto."

Adela akamimina maji sufuriani, akaweka taulo la mtoto begani. Moto ukaanza kupungua. Ulikuwa kama unavutwa na mtu: ulizama kwenye matundu, ukachomoza kidogo, ukazama tena, na ndani ya bomba ikasikika sauti ya kumeza, kumeza, pumzi, kumeza, kama ya kichanga aliyeshika titi kwa njaa, na harufu ya samadi ikaondoka jikoni ikaja harufu tamu ya utosi wa mtoto aliyezaliwa leo, na Adela akahisi maziwa yanamtoka yenyewe, yanalowesha blauzi hadi kiunoni, ilhali Kemirembe alikuwa nje, amelala mgongoni mwa bibi yake.

Moto ukazimika.

Desderius akafungua koki ya bomba. Kilichotoka safari hii kilikuwa cheupe, tena vuguvugu. Akaifunga haraka, akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena.

"Mimi nafukuzana na maji na hewa," akanong'ona. "Hii si kazi yangu. Kuna nani chini ya mtambo huu?"

Alikuwa akimtazama Kokushubira, mama mkwe wa Adela, aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mama," Adela akasema, "mbona umenyamaza?"

"Mpokee mtoto kwanza. Amekuwa baridi."

Alikuwa baridi kweli. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Walimfunika mablanketi, wakakoka kuni uani, na hakupata joto mpaka giza lilipoingia. Ndipo Kokushubira akasema lile alilolibeba.

Miaka minne kabla ya hapo Adela alimzaa mtoto wa kwanza, wa kiume. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, bodaboda ikashindwa kupanda kilima, akajifungulia nyumbani. Mtoto hakulia. Wanawake wakamchukua. Katika ukoo ule mama haonyeshwi mahali alipolazwa mtoto wa namna hiyo, wala haruhusiwi kumlilia, tumbo lisije likafunga asizae tena. Baada ya wiki moja Adela alirudi kuchuma kahawa. Hakuuliza.

"Nilimzika mimi mwenyewe, nyuma ya zizi," Kokushubira akasema. "Wachimbaji walipokuja nilikuwa Kibingo, harusini kwa binti yangu. Narudi, nakuta shimo limeshapigwa saruji. Ningemwambia nani, mwanangu? Mumeo kwamba amemfukua mwanawe akammwaga pamoja na kifusi?"

Adela aliuliza kitu kimoja tu. "Mlimwogesha?"

Bibi akainamisha kichwa. "Maji yalikuwa motoni. Aliponyamaza vile tukayamwaga. Tulimfunga vile vile alivyokuja."

Jioni iliyofuata hawakuwasha jiko, lakini ilipofika saa kumi na moja Kemirembe akapoa hata hivyo, na safari hii akakataa titi. Ainebyona akaenda Kibingo kwa pikipiki kumleta mganga, mama wa makamo aitwaye Kantengwa. Kantengwa aliweka sikio kwenye bomba kwa muda mrefu. Aliponyanyuka, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Hana ubaya," akasema kwa sauti ya chini. "Ni mtoto. Anaona maji yake anapewa mwingine. Lakini mtoto hajui kuacha. Amenyonya moto, sasa ananyonya joto la dada yake, na likiisha halirudi."

"Basi nimbandikie yake," Adela akasema. "Nimwogeshe, atulie."

"Na kesho? Wewe ni mama, unajua. Mtoto haogeshwi mara moja." Kantengwa akamshika bega. "Anayemzuia hapa ni wewe. Inabidi umkane. Useme wewe si mama yake, mara tatu, bila chozi. Ukilia atajua unadanganya. Alipewa jina?"

"Hapana," Kokushubira akajibu.

Adela akavuta blanketi la Kemirembe. Jina lilikuwepo. Alilichagua usiku mtoto alipokuwa akimpiga mateke, na hakuwahi kumwambia mtu.

Kesho yake jioni wakabandika maji. Adela akapiga magoti mbele ya bomba, Kemirembe kifuani kama jiwe la mtoni, na moto ukaanza kuzama na kuchomoza.

"Mimi si mama yako," akasema.

Kumeza kukakoma. Ukawa ukimya wa mtu anayesikiliza.

"Mimi si mama yako."

Na chini ya sakafu, mbali, kule nyuma ya zizi, kikaanza kilio chembamba, chenye kukwama, kilio cha mtoto anayevuta hewa kwa mara ya kwanza, kile kile alichokingojea miaka minne iliyopita juu ya mkeka huku mvua ikipiga bati na wanawake wakitazamana, kile ambacho angetoa macho yake yote mawili akisikie, nacho kikapanda kwa bomba kikija jikoni, kikimtafuta yeye, na matiti yake yakajibu, na Kantengwa akambana bega kwa nguvu, na mkono wa Kemirembe ukaanguka ukaning'inia.

"Mimi si mama yako," Adela akasema, macho makavu.

Kilio kikakatika. Moto ukaruka juu, buluu tupu, ukalamba sufuria pande zote. Kemirembe akapiga chafya, akatafuta titi.

Tangu siku hiyo moto haukuzimika tena. Desderius alipokuja kukagua, hata koki haikutoa tone.

"Mkavu kabisa," akasema. "Sijawahi kuona bomba kavu hivi."

Watu walimpongeza Adela. Naye aliitikia.

Jioni moja alibaki peke yake jikoni, maji ya mtoto yakichemka. Akainama, akafunga koki ya jiko kwa mkono wake mwenyewe. Moto ukazama. Akaweka sikio kwenye bomba lililokuwa bado na joto, akangoja. Hapakuwa na pumzi. Akangoja mpaka maji yakaacha kutoa mvuke. Lile jina likampanda hadi kwenye ulimi, zima, kama alivyolitunza, na akajua kwamba akilitamka ataitikiwa.

Chumbani Kemirembe akalia.

Adela akalimeza jina. Akakwangua kiberiti, akafungua koki. Moto ukasimama wima, haukuinama upande wowote.