Kiti cha Mdogo Wangu Ndani ya Ndege

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na naishi Kinoo.

Nilikuwa mpishi katika nyumba moja ya matajiri mtaani Lavington, na Jumamosi sikuwa na nafasi hata ya kukaa. Kwa hiyo mume wangu, Mutua, ndiye aliyewapeleka watoto matembezi. Kila mara makumbusho ya ndege za zamani! Majirani walinisifia. Mwanamume gani siku hizi hujali watoto hivyo?

Jumamosi moja mwajiri wangu alisafiri, nikapewa mapumziko. Nikasema, leo twende sote! Mutua akaniambia ni heri nibaki nilale. Nilipokataa, alitoka nje na simu, akakawia... Alikuwa anamwambia nani nini?

Huko makumbusho tulipanda ndege moja kuukuu ambayo watoto huruhusiwa kuingia. Mutua alishika usukani, nami nikaketi kando yake. Kioko, mwanangu wa miaka mitano, akapiga kelele:

"Mama, toka hapo! Hiyo kiti ni ya Anti Mwende!"

Dada yake, Mumbua, alimfinya mkono hadi akalia.

Mwende ni mdogo wangu wa tumbo moja! Nilimtoa Kitui, nikamsomesha, nikamtafutia chumba karibu na Adams Arcade. Tangu lini alikuwa akija huku? Mbona hakuwahi kunitajia?

Mutua akacheka. "Ah, watoto huongea tu."

Lakini jasho lilikuwa likimtiririka...

Tuliporudi nilimwita Mumbua jikoni. Sikumgombeza. Alilia kwa kwikwi, akasema, "Baba alisema nikikuambia utaenda, utuache."

Mtoto wa miaka tisa, kubebeshwa mzigo huo!

Nilimpigia Mwende simu. Hata hakukana.

"Dada, mimi nilidhani unajua, umeamua tu kunyamaza."

Nilikaa chini sakafuni. Jioni hiyo Mutua alikusanya nguo zake, na sasa anaishi na Mwende. Machozi niliyomlilia mume yamekauka. Ya kumlilia mdogo wangu bado... Lakini linaloniumiza zaidi ni Mumbua. Hata nikimuuliza amekula nini shuleni, hunitazama usoni kwanza, anapima kama jibu litanifukuza.

Wazazi wenzangu, msitosheke kwamba watoto wamerudi wakicheka. Ulizeni walikuwa na nani! Na wewe unayekosea, kosea peke yako. Usimfunge mtoto mdomo. Wa binti yangu, hadi leo, bado nahangaika kuufungua.